Mafaili ya laibrari yako yakae wapi na yatafutwe vipi

Jumamosi moja ya Desemba, saa nne asubuhi, Kariakoo imejaa mpaka pa kukanyaga hakuna, napigiwa simu na mama mmoja mwenye duka la vitambaa ambaye nilimtengenezea programu ya risiti. "Mwanangu, hii mashine yako leo haitoi risiti na wateja wamenisimamia hapa." Nikamwamkia, shikamoo mama, nakuja sasa hivi, nikapanda bodaboda kutoka Sinza. Kufika nakuta kwenye skrini erori moja:

FileNotFoundError: [Errno 2] No such file or directory: 'data/maneno.json'

Sasa hilo faili lilikuwepo kabisa, nililiweka kwa mkono wangu, na jana yake programu ilitoa risiti mpaka jioni. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa dukani, ambaye kompyuta anazijua, aliona shida ya kufungua folda kila asubuhi akaipanga programu kwenye Task Scheduler ya Windows ijiwashe yenyewe, na Task Scheduler usipoiambia ianzie folda gani inaanzia C:\Windows\System32. Kwa hiyo kode yangu iliposema data/maneno.json, kompyuta ikaenda kutafuta folda ya data ndani ya System32, haikuikuta, ikagoma. Kijana hakukosea chochote. Mimi ndiye niliyeandika njia ya faili inayotegemea mtu amesimama wapi wakati anawasha programu.

Nimeona kosa hili kwenye kode nyingi sana za wenzangu hapa mjini tangu siku ile, wazoefu na wanaoanza, ndiyo maana naandika hatua zote kama ninavyozifuata sasa. Nitatumia Python maana ndiyo ninayoshinda nayo, mwishoni nitagusa lugha nyingine kidogo.

Kitu kimoja ushike kabla hatujaanza. Laibrari, yaani kode unayoiandika ili programu nyingine ziitumie, ni kama fundi friji anayekuja nyumbani kwako, anakuja na begi lake la vifaa, hafungui droo za jikoni kwako kutafuta bisibisi, na akimaliza haachi vyuma vyake kwenye sufuria zako. Laibrari haijui itainstoliwa kwenye folda gani, haijui nani ataiita wala akiwa wapi, kwa hiyo vya kwake vya kusoma itembee navyo, na vya kuandika iviweke pale ambapo mwenye nyumba ameruhusu.

Hatua ya kwanza: yachambue mafaili kwanza, kode baadaye

Chukua daftari, andika kila faili ambalo laibrari yako inaligusa na ambalo siyo kode, halafu kila moja liulize maswali mawili tu, nani analiandika, na likifutika nani analia.

Laibrari yangu naiita hesabu_maneno, kazi yake kubwa ni kugeuza tarakimu ziwe maneno, yaani ukiipa 47500 inakurudishia "shilingi elfu arobaini na saba na mia tano", na pia inapanga risiti yenye anwani ya mteja. Nilipokaa na daftari nikakuta kuna maneno.json yenye majina ya namba, kuna mikoa.json yenye mikoa, wilaya na kata, kuna fonti ya kuchapia, kuna templeti ya risiti. Hayo nayaandika mimi, mtumiaji hayagusi, yanabadilika nikitoa toleo jipya. Halafu kuna faili la mipangilio ambalo mwenye duka anaandika jina la duka na upana wa karatasi, hilo ni lake. Halafu kuna faili dogo sana lenye namba ya risiti ya mwisho, hilo linaandikwa na programu yenyewe na likipotea ni balaa kwa sababu risiti mbili zitatoka na namba moja na mahesabu ya mwezi mzima yanavurugika. Na mwisho kuna nembo ya duka iliyokwishapunguzwa kwa ajili ya printa, ambayo ikifutika hakuna anayelia, inatengenezwa upya kwa nusu sekunde, hiyo ndiyo tunaita kashe.

Mimi haya yote nilikuwa nimeyarundika kwenye folda moja inaitwa data, kama kabati la jikoni lenye sukari, dawa ya panya na madaftari ya shule kwenye shelfu moja. Ukiyachambua hivi nusu ya kazi imeisha, kwa sababu kila kundi lina mahali pake na hatua zinazofuata ni kulipeleka kila kundi kwao.

Hatua ya pili: ya kusoma tu yaingie ndani ya pakeji

Pakeji ni ile folda ya kode inayoinstoliwa kwa mteja, na mafaili yaingie ndani yake kabisa, siyo pembeni yake. Wengi tunaweka folda ya data sambamba na pyproject.toml, lile faili linaloeleza mradi, na ukiwa unajaribu kwenye laptopu yako inafanya kazi vizuri kwa sababu upo kwenye folda ya mradi muda wote, lakini mtu akiinstoli kwa pip, chombo cha Python cha kuinstoli laibrari, ile folda inabaki kwako, haisafiri. Na ukilazimisha isafiri inaweza kuishia juu kabisa kwenye site-packages, folda ambamo laibrari zote zilizoinstoliwa zinakaa, ikiitwa data tu, siku laibrari nyingine nayo ikifanya hivyo hivyo zinagongana. Mpangilio wangu sasa uko hivi:

src/hesabu_maneno/__init__.py
src/hesabu_maneno/soma.py
src/hesabu_maneno/rasilimali/maneno.json
src/hesabu_maneno/rasilimali/mikoa.json
src/hesabu_maneno/rasilimali/risiti.html
src/hesabu_maneno/rasilimali/fonti/risiti.ttf

Majina ya mafaili andika yote kwa herufi ndogo. Windows haitofautishi Maneno.json na maneno.json lakini Linux inatofautisha, kwa hiyo ukiwa unaandikia Windows utaona mambo shwari kabisa, unapandisha kwenye seva ya Linux usiku, asubuhi unaambiwa faili halipo wakati unaliona kwa macho yako.

Kuwa ndani ya folda haitoshi, lazima umwambie anayefunga mzigo, yaani chombo kinachojenga pakeji. Kwa setuptools unaandika kwenye pyproject.toml:

[tool.setuptools.package-data]
hesabu_maneno = ["rasilimali/*.json", "rasilimali/*.html", "rasilimali/fonti/*.ttf"]

Angalia vizuri hapo, nyota moja haishuki kwenye folda za ndani, ukiandika rasilimali/* ukadhani umemaliza, fonti hazitaingia. Kwa hiyo usiamini, kagua. Ukishajenga kwa python -m build utapata faili la .whl kwenye folda ya dist, na hilo faili ni zipu tu ya kawaida, lifungue uone kilichomo:

python -m zipfile -l dist/hesabu_maneno-0.4.0-py3-none-any.whl

Kama risiti.ttf haipo kwenye orodha hiyo basi kwa mteja pia haipo, hata ukaapa. Hii amri inachukua sekunde moja na imeniokoa mara nyingi kuliko testi zote nilizoandika, mimi siachii toleo bila kuiendesha.

Hatua ya tatu: soma kwa kuuliza jina la pakeji

Hapa ndipo kwenye kiini. Ukitaka faili lililo ndani ya pakeji usijenge njia mwenyewe, muulize Python, kwa sababu yeye ndiye aliyeipakia pakeji na ndiye anayejua iko wapi:

import json
from importlib.resources import files

def soma_maneno():
    f = files("hesabu_maneno") / "rasilimali" / "maneno.json"
    return json.loads(f.read_text(encoding="utf-8"))

importlib.resources imekuja na Python 3.7 na hiyo files ikaongezwa kwenye 3.9, kwa hiyo leo karibu kila mtu anayo, huna haja ya kuinstoli kitu. Zamani tulikuwa tunatumia pkg_resources ya setuptools, ilikuwa inachelewesha programu kuwaka na wenyewe wameshasema tuachane nayo, ukiikuta kwenye kode ya zamani ibadilishe.

Utaniuliza, mbona wengi wanatumia __file__, yaani wanachukua folda ya faili la kode halafu wanajenga njia kutoka hapo? Ni afadhali mara mia kuliko data/maneno.json na siku nyingi inafanya kazi, sikatai, lakini inachukulia kwamba pakeji imefunguliwa kwenye diski kama folda ya kawaida, na siyo lazima iwe hivyo. Python anaweza kupakia kode moja kwa moja kutoka ndani ya zipu bila kuifungua, na hapo njia unayoijenga inapita katikati ya faili la zipu, open inashindwa. files haijali, iwe folda au zipu inakuletea maandishi yako.

Na hiyo encoding="utf-8", yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti, usiione kama mapambo. Kwenye mikoa.json yangu kuna kata ya Chang’ombe, Temeke, na niliyeichapa nilitumia ile alama ya mkato iliyopinda ambayo simu na Word zinaiweka zenyewe. Kwenye laptopu yangu ya Linux ikasomeka sawa. Kwenye Windows ya mteja, ambapo Python usipomwambia anasoma kwa mfumo wa zamani wa cp1252, risiti ikatoka imeandikwa Changâ€™ombe. Mzee mmoja mwenye duka la spea akanionyesha ile karatasi akaniuliza kwa upole, "Kijana, hapa pameandikwa nini?" Nilikosa jibu. Herufi moja, baiti tatu, na jina la mtaa wa watu limeharibika kwenye karatasi wanayoipeleka kwa mhasibu. Andika encoding kila unaposoma na kila unapoandika.

Kuna mahali maandishi hayatoshi. Fonti kwa mfano, laibrari nyingi za kuchora zimeandikwa kwa C na zinataka njia halisi ya faili kwenye diski, hapo unatumia as_file:

from importlib.resources import files, as_file

with as_file(files("hesabu_maneno") / "rasilimali" / "fonti" / "risiti.ttf") as njia:
    sajili_fonti(str(njia))

Kama pakeji ni folda unapewa njia yenyewe, kama ni zipu anakutolea faili la muda na ukitoka kwenye with analifuta. Kwa hiyo mambo yote yanayohitaji ile njia yafanyike humo humo ndani, usiibebe njia ukaitunze kwenye kigezo cha kutumia baadaye, utakuta faili limeshaondoka. Kama kweli unahitaji fonti iishi muda wote programu ikiwa hai, tumia ExitStack kutoka contextlib, ingiza as_file humo kwa enter_context, na close ya hiyo stack uisajili kwa atexit.

Hatua ya nne: kamwe usiandike ndani ya pakeji yako

Sasa tuje kwenye ile namba ya risiti ya mwisho. Nilikuwa naiandika pale pale pembeni ya maneno.json. Kuna madhara matatu na yote nimeyaona. Kwanza, kwenye kompyuta nyingi pakeji inakaa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika, Program Files kwenye Windows au chini ya /usr kwenye Linux. Pili, watu wawili wakitumia kompyuta moja kwa majina tofauti wanaandikiana juu. Tatu ndiyo mbaya zaidi, ukiinstoli toleo jipya au ukijenga mazingira upya unaweza kuondoka na faili la mteja, na mteja hatakuelewa ukimwambia ulikuwa unamletea maboresho.

Kila mfumo una utaratibu wake wa mahali pa kuandika na umeandikwa siku nyingi. Kwenye Linux kuna mapatano yanaitwa XDG, mipangilio inakaa ~/.config, data ya kutunzwa ~/.local/share, hali ya programu kama kumbukumbu za matukio ~/.local/state, kashe ~/.cache, na kila moja ina kigezo chake cha mazingira, yaani thamani inayowekwa kwenye mfumo nje ya kode, kama XDG_CONFIG_HOME au XDG_CACHE_HOME, ambacho mtumiaji akikiweka lazima ukiheshimu kwanza kabla ya hizo za kawaida. Kwenye Windows ni AppData, yenye Roaming na Local ndani yake, na kwenye Mac ni ~/Library/Application Support kwa data na ~/Library/Caches kwa kashe. Usiyaandike haya mwenyewe kwa if na else, kuna laibrari ndogo inaitwa platformdirs inayajua yote:

from platformdirs import user_data_path, user_cache_path

data = user_data_path("hesabu_maneno", appauthor=False, ensure_exists=True)
kashe = user_cache_path("hesabu_maneno", appauthor=False, ensure_exists=True)

Hapa lakini nina la kusema, na nalisema kwa uzito. Kama wewe unaandika laibrari na siyo programu kamili, fikiria mara mbili kama una haki ya kuandika chochote. Mara nyingi jibu ni hapana, mwache aliyekuita akupe folda, wewe toa tu njia ya kuipokea. Mimi ile namba ya risiti nimeitoa kabisa kwenye laibrari, sasa ni programu ya duka ndiyo inayoitunza na laibrari inapewa namba kama inavyopewa bei.

Na ukiandika, andika ukijua kwamba umeme unaweza kukatika katikati ya sentensi. Hapa Dar hilo siyo jambo la kufikirika. Ukifungua faili kwa "w" tayari umelifuta, umeme ukikatika hapo kabla hujaandika namba mpya unabaki na faili tupu. Andika kwenye faili jingine kwanza, ndani ya folda ile ile, halafu badilisha jina:

import os

def andika_salama(njia, maneno):
    muda = njia.with_suffix(".muda")
    with open(muda, "w", encoding="utf-8") as f:
        f.write(maneno)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace(muda, njia)

Hivi msomaji anakuta faili la zamani lote au jipya lote, hakuna la nusu. Folda iwe ile ile kwa sababu os.replace inaweza kushindwa ukivuka kutoka diski moja kwenda nyingine, kwa hiyo usilitengeneze faili la muda kwenye /tmp halafu ulihamishe.

Hatua ya tano: mpe mtumiaji nafasi ya kuleta lake

Mafaili ya kusoma yanazeeka. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa minne, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya, sasa tuna 31, 26 bara na 5 Zanzibar. Na hapa hapa Dar, Ubungo na Kigamboni zilikuwa sehemu ya Kinondoni na Temeke. Ukiwa umeifungia mikoa ndani ya laibrari na mteja wako yuko Vwawa na hajafanya apdeti, kila risiti inamwandikia Mbeya, na hana la kufanya mpaka wewe utoe toleo. Mpe njia ya kuweka faili lake jipya bila kukusubiri.

Mpangilio wa kutafuta ninaoutumia unaanzia kwa aliye karibu kwenda kwa aliye mbali. Kwanza kile alichokupa kwenye kode, mfano Risiti(mikoa="..."), hicho hakishindwi na kitu. Kikikosekana angalia kigezo cha mazingira, mimi nimekiita HESABU_MANENO_DATA. Kisha folda ya mtumiaji, kisha folda ya mfumo mzima, ambayo kwenye Linux ni zile zilizo kwenye XDG_DATA_DIRS na kama haijawekwa unachukua /usr/local/share halafu /usr/share. Mwisho kabisa nakala iliyo ndani ya pakeji, ambayo ipo siku zote, kwa hiyo utafutaji haushindwi. Zote ziweke kwenye fanksheni moja, mahali pamoja, siyo kila faili la kode linajitafutia, maana anayefunga pakeji kwa ajili ya Debian au mfumo mwingine anaweza kutaka kubadilisha mahali na utamrahisishia sana akikuta ni mistari mitano tu.

from pathlib import Path

def tafuta(jina, kutoka_kwa_mtumiaji=None):
    if kutoka_kwa_mtumiaji:
        return Path(kutoka_kwa_mtumiaji)
    for folda in folda_za_kutafuta():
        if (folda / jina).is_file():
            return folda / jina
    return files("hesabu_maneno") / "rasilimali" / jina

Hiyo folda_za_kutafuta ni fanksheni yako inayorudisha zile folda kwa mpangilio nilioutaja. Umeona kwamba alichotaja mtumiaji nakirudisha bila kuangalia kama kipo. Ni makusudi. Mtu akitaja faili kwa jina na halipo, lazima apate erori, usimfichie ukamletea la kwako kimya kimya, atakaa siku nzima anahariri faili ambalo halisomwi.

Mfano mzuri wa utaratibu huu uko ndani ya Python yenyewe, na unatuhusu. Moduli ya zoneinfo, iliyokuja na 3.9, inatafuta mafaili ya saa za dunia kwanza kwenye folda za mfumo kama /usr/share/zoneinfo, na unaweza kuzibadilisha kwa PYTHONTZPATH, ikikosa inaangalia pakeji ya tzdata kama imeinstoliwa. Windows haina zile folda. Ndiyo sababu ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam") inafanya kazi kwenye seva ya Linux na kwenye laptopu ya Windows inakupa ZoneInfoNotFoundError, na watu wanadhani Dar imesahaulika. Haijasahaulika, mafaili ndiyo hayapo, pip install tzdata inamaliza. Kwa faida yako tu, kwenye ile hazina ya saa Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo kinachoelekea Africa/Nairobi, kwa sababu saa za miji hii miwili zimefanana tangu 1970.

Utafutaji ukishindwa kwenye jambo ambalo halina nakala ya ndani, sema umetafuta wapi. "Faili halikupatikana" haimsaidii mtu. Andika jina la faili na kila folda uliyopita kwa mpangilio, mtu aliye Mbagala akikupigia simu akakusomea ile erori, utajua tatizo kabla hajamaliza.

Hatua ya sita: mafaili makubwa na bando la watu

Kama faili lako ni la megabaiti mia, mfano data ya sauti au modeli ya kutambua maandishi, usilifungie kwenye pakeji, PyPI, hazina ya mtandaoni ambako pip inachukua pakeji, yenyewe kwa kawaida inakataa faili linalozidi MB 100. Lakini tafadhali, nakuomba, usilipakue mtu anapoandika import. Wengi hapa wanafanya kazi kwa hotspoti ya simu, bando la wiki linaisha dakika tatu na hakujua hata nini kimelikula. Weka amri maalumu ya kupakua ambayo mtu anaiita mwenyewe, mwambie ukubwa kabla, hifadhi kwenye folda ya kashe, tumia ule ujanja wa faili la muda na os.replace ili kipande kilichokatika kisionekane kama faili zima, na ukimaliza linganisha sha256 yake, ile alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima, na ile uliyoiandika kwenye kode. Namba ya toleo iwe ndani ya jina la folda. Na ruhusu mtu alete faili kwa flashi akaliweka mwenyewe, kwa kigezo kile kile cha HESABU_MANENO_DATA, maana ofisi nyingi mtu mmoja anapakua na wengine kumi wananakili kwake.

Hatua ya saba: jaribu ukiwa umetoka nyumbani

Testi zako zikipita kwenye folda ya mradi hazijakuambia lolote kuhusu mafaili, kwa sababu hapo kila kitu kipo. Tengeneza mazingira mapya, instoli lile faili la .whl, halafu ondoka kabisa pale ulipo:

python -m venv /tmp/jaribu
/tmp/jaribu/bin/pip install dist/hesabu_maneno-0.4.0-py3-none-any.whl
cd /
/tmp/jaribu/bin/python -c "import hesabu_maneno; print(hesabu_maneno.kwa_maneno(47500))"

Kisha jaribu ndani ya zipu, ambayo kwa laibrari ya Python tupu isiyo na pakeji nyingine inazozitegemea ni rahisi kuliko inavyosikika, unaweka njia kamili ya .whl kwenye PYTHONPATH bila kuinstoli, unaendesha amri ile ile. Kama umetumia __file__ mahali popote itaonekana hapo hapo.

Wanaotoa programu za .exe kwa PyInstaller, chombo kinachofunga programu ya Python iwe faili la kuwasha moja kwa moja, na Kariakoo wengi tunatoa hivyo, mjue kwamba yeye hafuati mafaili yasiyo kode mpaka umwambie, ongeza --collect-data hesabu_maneno na files itayaona kama kawaida.

Lugha nyingine kwa haraka. Java weka kwenye src/main/resources na usome kwa getResourceAsStream, ukitumia new File itafanya kazi kwenye kompyuta yako na kufa ndani ya jar. Go ina embed tangu toleo la 1.16 la Februari 2021, faili linaingia ndani ya programu yenyewe, Rust ina include_str! na include_bytes! kwa kazi hiyo hiyo. PHP anzia __DIR__, Node anzia import.meta.url, na R weka kwenye folda ya inst halafu uite system.file. Mafaili ya kuandika ni yale yale ya hatua ya nne, lugha haibadilishi.

Kama una laibrari ambayo tayari iko kwa watu na ilikuwa inaandika ndani ya pakeji, usihamie kwa ghafla. Toleo jipya likiwaka mara ya kwanza liangalie mahali pa zamani, likikuta faili linakili kwenda mahali papya, la zamani liache kama lilivyo, na liandike mstari mmoja kumwambia mtumiaji limehamia wapi. Kwa yule mama niliyakuta yote bado yapo, namba ya risiti ya mwisho ilikuwa 3118. Nikanakili, nikawasha kompyuta upya nikaiacha Task Scheduler iiwashe programu yenyewe kutoka System32, na risiti iliyofuata ikatoka 3119.